Pongezi kwa Sista Baadaye

Uongozi wa hospitali unawatangazia wagonjwa, wauguzi, wageni na wote wanaohusika kwamba Kitabu cha Maoni cha Wodi ya Nne, kilichokuwa juu ya kabati la dawa, kimehamishiwa kwenye rafu iliyo kando ya dirisha la pili, na kwamba kalamu yake imefungwa kamba yenye urefu wa sentimita arobaini. Watumiaji wanaombwa wasiivute kamba hiyo. Watumiaji wa mkono wa kushoto wanaombwa kuwa na subira.

Tangazo hilo lilikuwa na mihuri miwili na saini tatu, na lilibandikwa mlangoni siku ileile ambayo mke wa Karani alitimiza siku ya nne ya kulala chali. Mambo hayo mawili hayakuwa na uhusiano wowote, isipokuwa kwamba Karani alilisoma tangazo lote, pamoja na tarehe na kumbukumbu namba, kabla hajamfikia mkewe. Alikuwa amestaafu ukarani wa mahakama baada ya miaka thelathini na mmoja, lakini ukarani haukuwa umemstaafu yeye. Hakuweza kupita mbele ya karatasi yenye muhuri bila kusimama kuisoma.

"Umeamkaje, mama?" alimuuliza mkewe, huku akivuta kigoda.

"Nilivyolala ndivyo nilivyoamka," mkewe alijibu. "Upande uleule."

Alikuwa ameanguka kutoka juu ya stuli akitundika pazia, na nyonga ya kushoto ilikuwa imevunjika. Mguu wake ulifungwa kamba iliyopita juu ya kigurudumu mwishoni mwa kitanda, na kamba hiyo ikaning'inizwa mfuko wa mchanga wa kilo tano, ili mifupa isipandane wakati akisubiri upasuaji. Daktari wa mifupa alikuwa amelieleza jambo hilo kwa sentensi chache, kama mtu anayelipa nauli. Upasuaji ungefanyika Jumatano ya wiki iliyofuata. Chuma kingewekwa, na mama angetembea tena. Lakini ngozi ya mgongoni ibaki nzima. Ikifunguka, asingekata, kwa sababu usaha ungekifuata chuma hadi mfupani. Kwa hiyo mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili.

Hakusema ageuzwe na nani. Alidhani inaeleweka.

Binti yao, aliyekuwa msusi na aliyefika kila mchana mikono yake ikinukia mafuta ya nywele, alifunua shuka na kuchungulia mgongo wa mama yake. Chini kabisa, pale mgongo unapokutana na makalio, palikuwa na alama nyekundu yenye ukubwa wa kifungo cha koti.

"Hii jana haikuwapo," alisema. Akageuka. "Sista! Mama hajageuzwa tangu asubuhi."

"Baadaye," muuguzi alijibu kutoka upande wa pili wa wodi.

"Baadaye ya saa ngapi?"

"Ikifika utaiona."

Wagonjwa walikuwa wamempa muuguzi huyo jina la Sista Baadaye, na jina lilimkaa vizuri kuliko sare yake. Ukiomba maji, baadaye. Ukiomba chombo cha haja, baadaye, na baadaye hiyo ikifika shuka limekwisha kulowa, na shuka kavu nalo ni la baadaye. Haki inataka isemwe kwamba alikuwa peke yake kwa vitanda thelathini na nane, na kwamba chini ya sare alivaa mkanda mpana wa kuushikilia mgongo alioumaliza kwa kuinua watu kwa miaka kumi na tisa. Lakini mgonjwa aliyelowa haoni mkanda wa mtu.

"Huyo akifika mbinguni," alisema mgonjwa wa kitanda cha jirani, mwanamke aliyeuza ndoo sokoni na aliyeitwa Mama Ndoo na wodi nzima, "malaika watamwambia mlango utafunguliwa baadaye. Ndipo atajua."

Alikuwa amevunjika mkono tu, kwa hiyo alikuwa na miguu ya kuzunguka na ulimi wa kufanyia kazi.

Msusi hakucheka. Alipitisha mkono chini ya bega la mama yake na mwingine chini ya kiuno, akamvuta upande. Mfuko wa mchanga uliyumba na kugonga chuma cha kitanda. Mama alipiga ukelele mmoja mfupi, kisha akaumeza, akatazama huku na huku kuona ni nani aliyemsikia.

Wote walimsikia, na Sista Baadaye, safari hii, alifika mara moja.

"Nani amegusa uzito?"

"Mimi. Namgeuza mama yangu."

"Umesomea wapi?"

"Kugeuza mama kunasomewa?"

"Mfupa ukihama nitaandika jina lako, na hutakanyaga hapa tena. Wewe si kazi yako nywele? Basi kasuke."

Kutoka vitanda vya mbali kilitoka kicheko. Baadhi walicheka kwa sababu walifurahi, na wengine kwa sababu Sista alikuwa akiwatazama. Msusi alifungua kinywa, lakini mama yake alimshika kidole kimoja na kukibana.

"Nyamaza, mwanangu," alinong'ona. "Wewe unaondoka. Mimi nabaki."

*

Kwenye korido, msusi alisimama mbele ya baba yake kama mtu anayedai kitu kilichoazimwa.

"Wewe ulikuwa karani wa mahakama. Jaji mzima alikuwa akisubiri kalamu yako. Kile kitabu kiko pale dirishani, nenda kaandike malalamiko."

"Malalamiko huandikwa na watu wasiojua kuandika," Karani alisema.

"Kwa hiyo tunyamaze?"

"Nimesema tunyamaze? Sikiliza. Mlalamikaji hupata adui aliye karibu na mtetezi aliye mbali. Mama yako yuko mikononi mwa yule mwanamke. Mtu ukimwandika vibaya, anakuwa vile ulivyomwandika. Ukimwandika vizuri, anaona haya."

"Baba, yule haoni haya."

"Hajapewa nafasi."

Alirudi wodini, akaketi kando ya dirisha la pili, na kwa mwandiko uliowahi kusifiwa na majaji wanne, mwandiko ulioinama kidogo kulia kama mtu mwenye adabu, akaandika:

*Mimi, mume wa mgonjwa wa kitanda namba kumi na saba, naona fahari kuweka kumbukumbu ya utu, ustahimilivu na uangalifu wa muuguzi wa zamu ya mchana. Mkono wake ni mwepesi, kauli yake ni tamu, na mgonjwa akimwona tu hupata nafuu hata kabla ya dawa.*

Mama Ndoo alisimama nyuma yake akisoma taratibu, midomo ikicheza.

"Karani," alisema, "macho yako ni mazima?"

"Ni mazima."

"Yote mawili?"

Karani alikausha wino kwa kupepea ukurasa. Kamba ya kalamu ilikuwa fupi mno, na saini yake ilitoka imekatwa mkia. Jambo hilo lilimsumbua hadi nyumbani.

Kwa siku mbili maandishi yale yalifanya kazi. Sista Baadaye aliyasoma akiwa amesimama, akayasoma tena akiwa amekaa, kisha akafunga kitabu na kukaa nacho mapajani. Katika miaka kumi na tisa alikuwa ameandikwa mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja yalikuwa malalamiko, yakaishia kwenye faili lake la nidhamu. Mchana huo alikwenda kitanda namba kumi na saba bila kuitwa, akamwegemeza mgonjwa ubavu wa kulia kwa kumwekea mto mgongoni, akasema, "Polepole, mama." Alirudi baada ya saa mbili na kidogo. Kesho yake alifanya vilevile. Alama nyekundu ilianza kufifia.

"Nilikwambia," Karani alimwambia binti yake.

Msusi alifunua shuka, akaitazama alama mwenyewe.

*

Kitabu cha Maoni husomwa kila Ijumaa na metroni, mkuu wa wauguzi, ambaye kwa kawaida humo hukuta matusi, namba za simu na maombi ya dua. Ijumaa hiyo alikuta pongezi zenye nukta na mikato. Alizipeleka kwenye kikao. Kikao kilisikiliza kwa makini, kikaona kwamba muuguzi anayeiendesha Wodi ya Nne kwa ubora wa kiwango hicho ni dhahiri ana nguvu za ziada, na kwa kuwa muuguzi wa Wodi ya Tano alikuwa amekwenda likizo ya uzazi, kikamkabidhi Sista Baadaye wodi zote mbili. Alipewa na cheti.

Vitanda vikawa sabini na tatu.

Jumamosi, mke wa Karani aliegemezwa mara moja. Jumapili hakuegemezwa. Jumatatu mchana, mumewe alipofika, alimkuta akiutazama mlango wa kati uliounganisha wodi mbili, mlango ambao Sista Baadaye alikuwa akipita na kupotelea.

"Amepita mara sita," mkewe alisema. "Nimehesabu. Kila akipita ananiambia anakuja."

"Atakuja."

"Najua atakuja. Hata mvua huja." Akashusha sauti. "Karani, nimejilowesha tangu saa tatu. Usimwambie mtoto."

Karani aliitazama saa yake. Ilikuwa saa saba na robo. Alitafuta shuka kwenye kabati lisilo na shuka, akavua koti lake, akalikunja, akalisukuma chini ya mkewe bila kugusa kamba ya mguu, huku akitazama pembeni ili kila mmoja wao abaki na heshima yake. Mama Ndoo alijigeuza akaelekea ukutani, akaanza kuwaeleza wagonjwa wa upande ule, kwa sauti kubwa, juu ya bei za ndoo. Pengine huo ndio uuguzi bora uliotolewa wodini siku hiyo.

Kisha Karani alikwenda dirishani.

Hapa ndipo alipofanya kosa ambalo mtu wa kazi nyingine asingeweza kulifanya. Katika miaka thelathini na mmoja alikuwa ameona, siku baada ya siku, kwamba kilichoandikwa ndicho kilichotokea. Shahidi alisema hili, karani akaandika lile, na miezi sita baadaye shahidi mwenyewe alikuja kuapa kwamba alisema lile. Aliamini kumbukumbu kuliko matukio, kama mwashi anavyoamini timazi kuliko jicho. Akaona kasoro ya pongezi za kwanza: zilikuwa za jumla. Hazikumfunga muuguzi kwenye saa yoyote.

Msusi alimkuta katikati ya sentensi ya pili, akasoma juu ya bega lake.

*Natamka tena, kwa shukrani isiyo na kifani, kwamba muuguzi huyu humgeuza mke wangu kila baada ya saa mbili kamili, pasipo kukosa hata mara moja. Kwamba humbadilishia mashuka kabla hayajamkera. Na kwamba ngozi ya mgonjwa, kwa juhudi zake, ingali nzima kama siku ya kwanza.*

"Baba, unamsifu mtu kwa kazi ambayo hajaifanya."

"Namtangulizia."

"Unamtangulizia uongo?"

"Namtangulizia wajibu. Akiusoma atajua anachotarajiwa."

"Anajua! Ana wodi mbili, baba. Na ya pili umempa wewe."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kumwambia Karani jambo hilo waziwazi. Aliandika tarehe, na safari hii aliisogeza rafu nzima kidogo ili saini ikamilike.

*

Jumanne asubuhi ngozi ilifunguka.

Haikufunguka kwa kishindo. Shuka lilipovutwa, lilivutwa pamoja na ngozi, na mahali palipokuwa na kifungo cha koti pakawa na shimo jekundu lenye kingo za kijivu. Shashi ya kufunikia kidonda iliwekwa juu yake, na hakuna aliyeibadilisha hadi mchana wa siku ya pili, ilipokuwa imekauka na kuganda kama gome.

"Inaloweshwa kwanza," alisema msusi, aliyewahi kubandua vitu vingi kwenye vichwa vya watu bila kuwaliza. "Kuna maji ya chumvi."

"Yalikuwapo," alisema Sista Baadaye. "Yako Wodi ya Tano. Na Wodi ya Tano kuna mtu anatapika. Nishike ipi?"

"Nikayachukue mimi?"

"Mgeni haingii chumba cha dawa."

"Basi tusubiri."

"Daktari anapita sasa hivi. Akikuta shashi ya jana nitaulizwa mimi." Akashika pembe ya shashi kwa vidole viwili. "Mama, hesabu mpaka tatu."

Mama alifika moja. Sauti iliyomtoka haikuwa ya kilio. Ilikuwa ya mtu anayetaka kusema neno na kukuta halipo. Alitia pembe ya mto kinywani na kuibana kwa meno. Machozi yalitoka kwenye jicho la upande wa chini tu, kwa sababu ya jinsi alivyolala, yakaingia sikioni.

Sista Baadaye alitazama kidonda, na kwa dakika moja uso wake ulikuwa wa mtu aliyewahi kujifunza kazi hii kwa kuipenda. Kisha akasikia akiitwa kutoka mlango wa kati.

"Mama, mumeo anajua kushukuru," alisema huku akibandika shashi mpya. "Jifunze kwake. Wewe kila kitu ni kelele."

Daktari alipita kama ilivyotabiriwa. Alitazama mgongo, akatazama faili, akatazama mgongo tena.

"Sikati," alisema.

"Mpaka lini, daktari?" Karani aliuliza.

"Mpaka kifunge."

"Kitafunga lini?"

"Akigeuzwa."

Akaondoka na watu wake wanne, ambao wote waliandika neno hilohilo.

Baada ya viatu vyao kutosikika tena, mke wa Karani alisema, "Niletee kile kitabu."

"Kitabu gani?"

"Unakijua."

Karani alikileta. Kilikuja bila kalamu, kwa kuwa kamba haikufika. Mkewe hakuweza kusoma akiwa amelala ubavu, akamwambia amsomee, naye akasoma zote mbili, ya kwanza na ya pili, kwa sauti ya chini ya mahakamani, bila kuruka neno. Alipofika kwenye mashuka sauti ilimpungua, lakini alimaliza.

Mkewe alikuwa amefumba macho.

"Ni pazuri," alisema. "Ningependa kulazwa huko."

*

Malalamiko ya Karani yalikuwa na kurasa nne na aya kumi na tisa zenye namba. Hakuna aliyewahi kulalamika kwa lugha safi namna ile. Palihitajika shahidi, naye akamwendea Mama Ndoo.

"Umeona yote," alimwambia.

"Nimeona mpaka nimeshiba."

"Basi weka jina tu. Hapa."

Mama Ndoo aliutazama mkono wake uliofungwa plasta, kisha akautazama ule mzima, kama aliyekuwa akitafuta mmoja usioweza kuandika.

"Karani, ndugu yangu, plasta hii inatolewa wiki ijayo, na inatolewa na msumeno. Anayeshika msumeno ni yuleyule." Akapunguza sauti. "Nikitoka nitasema. Nikishatoka hata kwenye redio nitasema."

Alitoka baada ya wiki moja, na ndoo zilikuwa zikimsubiri.

Mke wa Karani naye alitolewa, siku ya ishirini na sita. Homa ilikuwa imeanza. Kidonda kilikuwa na upana wa kiganja, na barua ya kumruhusu ilieleza kwamba, kwa kuwa upasuaji hauwezekani kwa sasa, na kwa kuwa kitanda kinahitajiwa na wenye kuhitaji upasuaji, mgonjwa ataendelea na uangalizi wa familia. Mguu ulifunguliwa kamba. Mfupa uliokuwa ukivutwa kwa siku zote hizo uliachwa uende utakako, na mguu ukarudi mfupi kuliko mwenzake.

Kamati ya Malalamiko iliketi siku kumi na moja baadaye, katika chumba chenye meza ndefu kuliko shughuli zake. Kabla ya kuitwa, Karani alimkuta Sista Baadaye kwenye korido. Alikuwa amesimama, mkono mmoja kiunoni. Mgongo haukumruhusu kukaa kwenye viti vile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Walisimama bega kwa bega kama watu wa ukoo mmoja msibani.

"Mimi sikukuomba uandike," Sista alisema.

"Hukuniomba."

"Ungenitukana, mzee. Mbona wenzangu wanatukanwa kila wiki? Waliotukanwa wana wodi moja moja."

Mlango ukafunguliwa, Karani akaitwa.

Mwenyekiti alikuwa mtu mpole. Alisoma aya zote kumi na tisa, akasifu mpangilio wake, kisha akamsogezea Karani Kitabu cha Maoni kikiwa wazi.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Saini?"

"Ni yangu. Ya kwanza ilikatwa na kamba."

"Hapa unasema mgonjwa aligeuzwa kila baada ya saa mbili, pasipo kukosa. Kwenye malalamiko, aya ya saba, unasema hakugeuzwa. Tarehe ni ileile. Ulipoandika kitabuni, uliandika kweli au uongo?"

Karani alilitambua swali hilo. Alikuwa ameliandika mamia ya mara, likiulizwa watu wengine, na kila mara alikuwa ameacha mistari miwili kwa ajili ya jibu, ingawa halikuhitaji hata nusu. Akisema kweli, hana malalamiko. Akisema uongo, ni mwongo, na mwongo hana malalamiko pia.

"Niliandika ombi," alisema.

Katibu aliinua kalamu, akamtazama Mwenyekiti, akaishusha.

"Mzee wangu," Mwenyekiti alisema kwa huruma ya kweli, "hospitali hii ina Kitabu cha Maoni. Kitabu cha maombi hatuna."

"Mke wangu ana shimo mgongoni, mheshimiwa. Njooni mlitazame. Si mbali."

"Kamati hufanya kazi kwa maandishi."

"Najua," Karani alisema. "Nami nilikuwa nikifanya kazi hivyohivyo."

Metroni aliuliza kama kulikuwa na shahidi. Hakukuwa na shahidi.

*

Nyumbani, kitanda kilikuwa kimehamishiwa sebuleni, mahali palipokuwa na meza ya Karani. Msusi alikuwa amefunga saluni yake. Alimgeuza mama yake saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane, kwa mikono iliyojua uzito wa kichwa cha mtu, na alilowesha kila shashi kabla ya kuibandua. Alifanya kila kitu kilichotakiwa kufanywa mwezi mmoja uliopita, na kidonda hakikujali. Ndani yake palikuwa pameanza kuonekana kitu cheupe. Mhudumu wa zahanati aliyepita kukitazama aliwaambia ni mfupa, akaosha mikono, akakataa chai.

Mama alikuwa amepungua kiasi kwamba kumgeuza hakukuhitaji tena nguvu. Alizungumza kidogo, na mara nyingi alizungumza mambo ya stuli na pazia. Hakuna aliyemwambia kama atatembea, na yeye hakuuliza. Hilo lilikuwa limekwisha kati yao bila mtu kulitamka. Swali lililobaki lilikuwa jingine, nalo pia hawakulitamka.

Barua ilifika asubuhi, ikiwa na muhuri. Karani aliipokea mlangoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuisoma akiwa amesimama. Aliiweka juu ya kabati, akamsaidia binti yake kushika upande wa miguu, wakamlaza mgonjwa ubavu wa kulia, wakampangia mito.

"Wamesema nini?" mkewe aliuliza.

"Sijafungua."

"Fungua."

"Baba, acha," msusi alisema. "Kwani itamsaidia nini?"

"Mwache asome," mama alisema. "Anasoma vizuri."

Karani aliifungua, akavaa miwani, akasoma kwa sauti, bila kuruka neno:

*Rejea malalamiko yako yahusuyo mgonjwa wa kitanda namba kumi na saba. Kamati imeyapitia kwa uzito unaostahili na kufikia uamuzi ufuatao. Imethibitika kwamba juu ya muuguzi husika zipo pongezi mbili na barua moja ya malalamiko, na kwamba zote zimeandikwa na mtu mmoja, mwenye akili timamu. Kwa kuwa Kamati haina namna ya kujua ni lipi kati ya maandishi hayo lililo sahihi zaidi, barua ya malalamiko imeonekana kuwa na uzito sawa na pongezi moja, na hizo mbili zimefutana. Pongezi inayobaki imethibitishwa na kuingizwa kwenye faili la muuguzi. Kwa msingi huo, na kwa kutambua uwezo wake, Kamati imependekeza, na Uongozi umeridhia, kwamba kuanzia Jumatatu muuguzi huyo asimamie pia Wodi ya Sita.*